Tupeane uzoefu: kwado anakuwekea kilo ngapi za upepo?

Jambo yenu. Asubuhi za kiangazi hapa Lubumbashi magari yanapanga mstari kwa kwado, fundi wa pine (tairi), na swali ni lile lile: "Niweke kilo ngapi, papa?" Wengi wanajibu "tatu" na kuendelea na simu. Gari letu la nyumbani limetoka Japani, usukani kulia, kama mengi ya hapa. Ukifungua mlango wa dereva, nguzoni kuna etiketi: 220 kPa. Yaani kilo mbili na mbili (2,2), au 32 kwa kipimo cha psi. Hiyo tatu nani aliiamua? Leteni mliyoyaona wenyewe.

Papa Shofere: Barabara ya Likasi naijua, kama kilomita 120, watoto nyuma na gunia la unga ndani ya kofa (buti). Kwa kilo tatu gari linarukaruka, breki zinachelewa kushika, maana pine inagusa lami kwa katikati tu. Angalieni pine zilizochakaa: katikati upara, pembeni meno bado yapo, basi mwenyewe alikuwa anajaza mno. Shemeji yangu yeye alitembea na moja na nusu. Pembeni zikaisha, na tulipofika pine zilikuwa za moto, mkono haukai. Mimi hiyo ndiyo naiogopa zaidi: ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, mwisho inapasuka ukiwa mwendo mkali. Nikipakia watu na mizigo, nafuata namba ya pili ya etiketi. Langu linasema 2,5 nyuma.

Mama Katuba: Nunueni manometa yenu, kile kipimo cha upepo! Ya kwado wa mtaani kwetu sindano inasoma mbili hata haijagusa pine. Nilimpa yangu, akacheka. Siku hizi ananiazima apimie wateja wengine.

Kijana wa Ruashi: Yaya, kwa mashimo ya kwetu 2,2 ni kuua rimu. Mimi 2,5, basi.

Mwenye mada: Kwa 2,5 sitagombana nawe. Tatu ndiyo sitaki. Na shimo lipite polepole, ndugu.

Fundi Kampemba: Mmesahau saa ya kupima. Mtu anazunguka mjini, saa nane anapima, anakuta 2,5, anatoa upepo. Kesho yake, baridi ya Julai, amebaki chini ya mbili! Pimeni pine ikiwa baridi, kabla ya kutoka nyumbani. Joto likipanda nyuzi 10, upepo unaongezeka kama 0,1. Na ile "MAX" iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha pine yenyewe, gari lako halikuomba hivyo.

Mama Katuba: Na ya akiba, ile nyembamba?

Fundi Kampemba: Kwa kawaida 4,2, imeandikwa juu yake. Wengi wanaikuta haina kitu siku wanayoihitaji.

Papa Shofere: Yangu iko chini ya magunia. Nitaitoa Jumapili.