Nimelipia jarida la useremala la onlaini, kulisoma kwenye kompyuta ndo shughuli. Mnafanyaje?

fundi_mninga
Wakuu salaam. Mimi seremala nipo Chikongola hapa Mtwara mjini, natengeneza vitanda, meza na makabati ya jiko. Zamani nilikua napata jarida moja la nje la useremala, la karatasi kabisa, linapitia sanduku la posta la shemeji yangu Dar halafu linapanda basi kuja huku, likifika limechoka lakini limefika. Sasa hao jamaa wamefuta kutuma nje ya kwao wamebaki na la kusoma onlaini tu, nikasema poa si bei imeshuka, nikalipia mwaka mzima.

Sasa kompyuta yangu ni ya mtumba ina kioo cha inchi 14, nikifungua inaleta kurasa mbili kwa pamoja maandishi kama mayai ya chawa, nikiyavuta yawe makubwa inabidi niburute huku na huku mpaka nasahau sentensi ilianzia wapi. Kinachoniuma zaidi ni michoro. Juzi nilikua na mchoro wa kiti cha kulia chakula, pale ulimi (ile ncha ya mbao ya kuchomeka) unapoingia kwenye mguu wa nyuma, vipimo vyao ni vya inchi, nimevuta pale namba ikawa ukungu mtupu sijui 3/8 sijui 5/8, na hapo ndo tofauti ya kiti na kuni. Umeme nao ukikatika rauta inazima, jarida lote linageuka ukurasa mweupe.

Kuna namna ya kusoma bila kuumiza macho? Naweza kuhifadhi nikasoma bila bando? Na mwaka ukiisha nisipolipia tena, yale matoleo niliyolipia yanabaki kwangu au ndo basi?

shangani_boy
Pole fundi. Jarida la hivyo mara nyingi linakuja kwa sura mbili, moja ni picha ya ukurasa vile vile ulivyochapwa, ya pili ni maandishi matupu yamepangwa upya yajae kioo chako. Zinio wanaouza majarida ya onlaini wanazo zote mbili, PressReader nao hivyo hivyo. Hebu bonyeza juu ya makala yenyewe uone kama hailetei kitufe cha maandishi, ikikuletea basi maelezo soma huko, fonti unaongeza unavyotaka na hakuna kuburuta. Kwenye mchoro ndo unarudi kwenye picha ya ukurasa, mana ile ya maandishi huwa inabana picha au inazitupa mwisho kabisa.

Huo ukungu mara nyingi ni mtandao, jarida halina kosa. Kurasa zinashuka kwanza kwa picha nyepesi, ukivuta ndo kinafuata kipande kizito cha eneo lile ulilovuta, kwaiyo bando likisuasua unakua unaitumbulia macho ile nyepesi. Vuta halafu ACHA MKONO, subiri. Kila ukiburuta inaanza kushusha kipande kingine. Namba ikishakaa vizuri bonyeza Windows+Shift+S ukate kile kipande cha mchoro ukihifadhi kwenye folda, siku umeme umekatika una mchoro wako. Kwa matumizi yako lakini, sio kwenda kuumwaga kwenye grupu la mafundi la WhatsApp.

Kingine, geuza kioo. Ingia kwenye mipangilio ya Windows sehemu ya displei, kuna mwelekeo, chagua wa kusimama halafu isimamishe kompyuta kwa ubavu mezani. Ukurasa mmoja unajaa kioo kizima. Ile padi ya kidole itakuchanganya, unapeleka juu mshale unakwenda pembeni, tumia vitufe vya mishale au chomeka mausi. Na F11 inafuta yale makorokoro ya brauza juu.

fundi_mninga
Aisee nimejaribu hiyo ya ubavu saivi, watoto wanacheka ila ukurasa unasomeka!! Kitufe cha maandishi kipo kweli, kilikua kimejificha chini. Bado hilo la kubaki na matoleo.

mama_mchinga
Kaka fundi mimi nipo Lindi, nasomea majarida ya kiswahili na ya nje kwenye kompyuta muda mrefu tu, ngoja nikwambie ukweli ambao wauzaji wanauandika kwa herufi ndogo. Mara nyingi hapo hujanunua jarida, umenunua ruhusa ya kuingia. Google walikua wanauza majarida ya hivyo, Januari 2020 wakaacha. Amazon nao Septemba 2023 wakafunga majarida na magazeti ya kulipia kwa mwezi kwenye Kindle, kile kifaa chao cha kusomea. Kampuni kubwa hizo, sio za kichochoroni, na msomaji hakuulizwa.

Kwaiyo kabla ya kulipia mwaka wa pili angalia anakupa nini. Wapo wanaokupa faili la PDF ulishushe, hilo ni lako, weka kwenye flashi na nakala nyingine pembeni. Wapo ambao ukiacha kulipa unabaki na yale ya kipindi ulicholipia, na wapo wanaokufungia mlango wote. Ila mlango nao una faida yake, mfano jarida la useremala la Fine Woodworking lililoanza 1975, ukiwa mwanachama wa kulipia unafunguliwa matoleo ya nyuma, National Geographic nao wanafungulia wateja wao mpaka la kwanza la 1888. Kwa mtu kama wewe unayetafuta mchoro wa kitu fulani, kutafuta kwa neno kwenye matoleo ya miaka yote ni bora kuliko toleo jipya la mwezi huu, mana kabati ni kabati tu.

Kuhusu bila bando, brauza usiitegemee. Kuhifadhi mara nyingi kupo kwenye apu ya simu au tableti, unashusha toleo zima usiku ukiwa na mtandao mzuri. Mimi nimelazimika kuzoea hivyo toka Mei 2024, mnakumbuka kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga magazeti ya Dar hayaji, tunasema basi tusome onlaini, tarehe 12 nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika, EASSy na Seacom kwa mpigo. Karatasi hakuna, intaneti hakuna. Niliokua nimeshusha kabla ndo niliosoma.

Na malipo, hawa wa nje wanajirudia kukata wenyewe mwaka ukiisha, na bei ya mwaka wa kwanza huwa ya kukuvutia tu. Ukishalipia ingia kwenye akaunti siku hiyo hiyo uzime kujirudia, toleo zako zitaendelea kuja mpaka muda uishe. Au tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, unaiwekea hela ya manunuzi yale tu.

mzee_wa_mikindani
Vijana mnahangaika. Fundi hafanyi kazi akiwa na kompyuta kwenye vumbi la randa. Mchoro unautoa kwenye karatasi unaubandika ukutani unapiga kazi.

Ila nikupe angalizo moja maana hili limewaumiza wengi. Majarida ya Marekani yanapangwa kwa karatasi yao ya Letter, ni milimita 216 kwa 279. Stesheneri zetu zina A4, milimita 210 kwa 297, yaani nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Ukimpa kijana wa stesheneri faili, mashine inabana ukurasa ili uenee, inashuka kama asilimia 97 au chini ya hapo. Kwa kusoma hakuna shida. Kwa kigezo cha kukata mbao ni msiba, kipande cha sentimita 20 kinatoka 19.4, unakata miguu minne yote imepungua na viungo havikutani na vile ulivyopima kwa futi kamba. Mwambie atoe kwa ukubwa halisi, asilimia 100, na kama kingo zinakatwa atoe kwenye A3. Halafu kabla hujaondoka pima. Vigezo vingi vizuri vina kisanduku cha inchi moja pembeni, kiwe milimita 25.4, kikiwa pungufu mrudishie karatasi yake.

fundi_mninga
Shikamoo mzee. Sasa hili ndo limenijibu swali ambalo hata sikuliuliza, kuna kigezo cha mgongo wa kiti nilitoa hapo stesheneri ya karibu na stendi nikakipima na cha kwenye jarida la zamani havilingani, nikadhani wamebadilisha mchoro.

mzee_wa_mikindani
Marahaba. Hawakubadilisha.

dogo_wa_chuo
Bro kama ni michoro tu na hela inabana, ingia Google Books utafute jarida la ufundi la Popular Mechanics, kuna matoleo kibao ya zamani toka 1905 yamescaniwa mazima, bure, yana miradi ya mbao ya kufa mtu, meza, viti, hadi mtumbwi. Huwezi kuyashusha ila, unasoma hapo hapo onlaini kwaiyo bando lako na Mungu wako. Skani za miaka ya nyuma kabisa zina mistari hafifu, ile mbinu ya kuvuta na kusubiri aliyosema shangani_boy inahusika.

mama_mchinga
Mtumbwi Mtwara tena dogo? Si ukamuulize babu yako pale Mikindani bure bila bando 😂

fundi_mninga
😂😂 Mtumbwi niachieni. Dada hiyo ya kuzima kujirudia nimeiona na nimezima, wamenitumia imeili ya kunibembeleza na punguzo juu. Mzee kesho naenda stesheneri na rula, anayejua nani anatoa A3 hapa mjini bila kubana aniambie kabla sijazunguka jua kali.

shangani_boy
Jaribu zile ofisi za kuchora ramani za nyumba, wao A3 ndo kazi yao ya kila siku na wanaelewa ukisema asilimia 100. Nenda na flashi, usiwatumie WhatsApp kama picha mana inaibana tena.