Kusukutua kwa mafuta: ninunue ya ufuta au ya nazi?

Chokochoko
Wakuu, habari za leo. Nataka kuanza kusukutua kinywa kwa mafuta kama wafanyavyo watu wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya Kihindi. Dukani yapo ya ufuta, ya alizeti, na ya nazi aina mbili: yanayoganda na yasiyoganda. Nanunua chupa moja tu. Nichukue ipi?

UkogaNoma
Mkuu, umeuliza nusu swali. Shida yako ni ipi: fizi kutoka damu, kinywa kunuka, kinywa kukauka, au unatafuta meno meupe? Una mzio wa ufuta? Una pumu, au huwa unapaliwa ovyo? Bila hayo tutakupigia ramli.

BibiUfuta
Hata kabla hajajibu: ufuta. Ndiyo mafuta ya asili ya kazi hii. Charaka, mganga wa kale wa Ayurveda, anaahidi taya zenye nguvu, midomo isiyopasuka, koo lisilokauka, na meno yasiyoshikwa na ganzi kwa vitu vichachu. Chukua yaliyokamuliwa kwenye mbegu mbichi, yana rangi ya manjano hafifu. Yale ya kahawia yenye harufu kali ni ya mbegu zilizokaangwa. Hayo ni ya kukolezea chakula, ukikaa nayo mdomoni dakika tano utayachukia. Na unuse kabla ya kutumia. Mafuta yaliyochacha hayafai.

DafuKavu
Nazi, bila mjadala. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, aina ya asidi ya mafuta iliyo adui wa bakteria, na ladha yake ni laini. Usiogope yakiganda: yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi, mdomoni kuna joto zaidi ya hapo, kwa hiyo weka kipande usubiri kidogo. Yasiyoganda yaache dukani. Yamechujwa, na asidi ya lauriki unayoitafuta sehemu kubwa imeondolewa.

UkogaNoma
Taratibu, DafuKavu. Ndani ya chupa asidi hiyo imefungwa kwenye trigliseridi, yaani molekuli za mafuta zenyewe, haielei huru, na mate yana uwezo mdogo sana wa kuifungua. Majaribio yaliyofanywa ni ya watu wachache kwa wiki chache. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani hakipendekezi njia hii.

Chokochoko
Mzio sina. Fizi hutoka damu kidogo nikipiga mswaki. Halafu nasikia mafuta hugeuka meupe kwa sababu yanavuta sumu?

UkogaNoma
Hamna sumu hapo. Mafuta yakipigwapigwa pamoja na mate hukatika kuwa matone madogo mno, na matone hayo ndiyo yanayoonekana meupe. Hata kinywa kisafi kabisa kitatoa weupe huohuo.

Damu ndiyo habari yenyewe, ungeanza nayo. Mara nyingi ni ukoga uliokaa kwenye mstari wa ufizi. Mswaki laini, uuinamishe nyuzi 45 kuelekea ufizi, mizunguko midogo, dakika 2, asubuhi na usiku, dawa yenye floraidi. Safisha na katikati ya meno kila siku. Damu ikiendelea baada ya wiki 2, nenda kwa daktari wa meno. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautolewi na mafuta yoyote, unakwanguliwa kwa chombo.

BibiUfuta
Nani kasema aache mswaki? Mimi nampa namna ya kufanya. Ziko njia mbili na watu wanazichanganya. Kavala ni kiasi kidogo unachoweza kukizungusha mdomoni. Gandusha unajaza mdomo mpaka mafuta hayana pa kusogea, unatulia nayo. Anza na kavala: kijiko cha chai, mililita 5, dakika 5, asubuhi kabla ya kula. Kijiko cha mezani ni kingi kwa anayeanza kwa sababu mate yanaongezeka. Dakika ya tatu mashavu yameshajaa na kichefuchefu kinakuja. Taya ikiuma, unasukuma kwa nguvu mno. Hizo dakika 20 zinazoimbwa kila mahali usizihangaikie. Kipimo cha zamani cha gandusha ni mdomo kujaa ute, macho na pua kuanza kutiririka.

FundiBomba
Mbona hamsemi atatema wapi? Mafuta ya nazi yanatoka mdomoni yakiwa na joto, yanashuka kwenye sinki, yanafika kwenye ule mkunjo wa bomba unaotuamisha maji, yanapoa na kushika ukutani. Mwanzoni huoni kitu. Kila asubuhi tabaka jipya, linanasa nywele na mabaki ya dawa ya meno, maji yanashuka kwa kusuasua, kisha yanasimama. Mtu anamwaga maji ya moto, sinki linafunguka, anafurahi. Kumbe ameyasukuma yakagande mbele zaidi, ambako mkono haufiki. Dawa yake: ndoo chini, fungua nati mbili za mkunjo, kwangua, osha kwa sabuni ya vyombo, kagua washa (kile kipete cha kuzuia kuvuja) kabla ya kufunga. Kinga ni kutema kwenye karatasi na kutupa kwenye pipa la taka. Ufuta nao usimwage humo, haugandi lakini unanata na uchafu.

DafuKavu
Kwa hiyo nazi imekuwa mhalifu sasa? Atatema kwenye karatasi, yaishe.

Kibogoyo
Bomba linafunguliwa, mapafu je? Mafuta yakipenya njia ya hewa hayachokozi kikohozi kama maji, yanaweza kushuka kimyakimya na kuleta nimonia. Kaa wima, usiinue kichwa kusukutua koo, usimeze. Siku una mafua na pua imeziba, acha kabisa, maana utalazimika kuvuta pumzi kwa mdomo. Watoto wadogo wasifanye.

Na kama vita ni na ukoga, mbona hamtaji klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria? Ya asilimia 0.2, mililita 10, dakika 1.

BibiUfuta
Inayopaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula?

Kibogoyo
Ndiyo maana inatumiwa wiki chache tu. Na usiitumie papo hapo baada ya mswaki, subiri nusu saa, dawa nyingi za meno zina povu linaloidhoofisha.

Chokochoko
Sawa. Alizeti je? Na katikati ya meno nitumie uzi au vile vibrashi vidogo?

UkogaNoma
Kibrashi pale kinapopita bila kulazimisha, uzi palipobana.

DafuKavu
Uzi wenye nta au usio na nta?

UkogaNoma
Wenye nta kama meno yamebanana. Ukichanika palepale kila siku, hapo kuna kingo ya jino lililozibwa vibaya au ukoga mgumu.

BibiUfuta
Alizeti inafaa, haina ladha. Ila ufuta.

FundiBomba
Chokochoko, bomba la sinki lako ni la plastiki au chuma?