Baleti na dansi ya kisasa: mcheza sindimba aanzie wapi?

Mjomba, Mikindani
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mpwa wangu wa kike ana umri wa miaka 16 na amekulia katika kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde. Sasa anataka kujifunza dansi ya jukwaani, nami kama mjomba ndiye ninayeombwa ushauri. Mgeni mmoja aliyemwona akicheza alimwambia kwamba asiyejua baleti hawezi kuimudu dansi ya kisasa. Je, sanaa hizi mbili zinatofautiana wapi hasa, na ni lazima aanze na baleti?

Mwalimu wa ngoma, Newala
Ndugu yangu, tofauti kubwa iko katika namna mwili unavyohusiana na ardhi. Baleti ilikulia katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha kifalme cha dansi mjini Paris, na mikao mitano ya miguu iliyowekewa kanuni katika zama hizo inafundishwa hadi leo. Mchezaji hugeuza miguu nje kuanzia kwenye nyonga, hunyoosha mgongo, na hujitahidi aonekane kana kwamba hana uzito. Waasisi wa dansi ya kisasa waliukataa utaratibu huo: Isadora Duncan alicheza pekupeku, naye Martha Graham, aliyeanzisha kundi lake New York mwaka 1926, alijenga mbinu nzima juu ya kubana na kulegeza kiwiliwili kwa kufuata pumzi. Humo mchezaji huanguka, hubiringika sakafuni na kuuacha uzito wake uonekane. Mcheza sindimba, ambaye magoti yake yamekunjwa na kiuno ndicho kinachoongoza, ameshaizoea ardhi, kwa hiyo kauli ya mgeni huyo naiona ya haraka mno.

Mkazi wa Lindi
Nakubaliana na mwalimu, isipokuwa asije binti akadhani kwamba dansi ya kisasa ni kujichezea tu. Makundi mengi ya dansi hiyo huwafanyisha wachezaji wao mazoezi ya baleti, kwa kuwa hujenga mizani ya mwili na nguvu za miguu. Vile viatu vya kusimamia ncha za vidole, ambavyo mcheza baleti Marie Taglioni alivipatia umaarufu mwaka 1832, ni jambo jingine: huhitaji miaka ya kuimarisha vifundo, na asivikimbilie.

Mama wa Masasi
Mjomba, si lazima tutazame Ulaya pekee. Germaine Acogny wa Senegal ameunda mbinu ya kisasa inayotokana na ngoma za Afrika Magharibi, na wachezaji kutoka nchi nyingi za Afrika hwenda kusoma katika shule yake huko Toubab Dialaw. Kwetu kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako ngoma zetu hufundishwa darasani. Kabla ya kuchagua, muulize binti anapenda nini: katika baleti atatumia muda mwingi kuzimudu kazi zilizokwisha kutungwa, ilhali katika dansi ya kisasa mara nyingi mtunzi humtaka mchezaji alete miondoko yake mwenyewe.