Naomba ushauri: kugeuza solo ya gitaa iliyorekodiwa kuwa tabo

Habari zenu wakuu. Kuna solo ya gitaa naipenda mno, nataka kuiandika noti kwa noti kwa tabo (maandishi yanayoonyesha uzi na freti, yaani kigawanyo cha shingo ya gitaa, pa kubonyeza). Nimetenganisha vyombo kwa programu moja, nyingine ikanipa faili la MIDI (lina noti zenyewe, si sauti), nikalifungua kwenye MuseScore, programu ya kuandika noti. Noti nyingi ziko sawa, ila mapigo yamevurugika na kuna oktava za juu ambazo hazikupigwa kabisa.

Kinachonitesa zaidi ni tabo. Ile E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi ipo pia uzi wa pili freti ya 5, na wa tatu freti ya 9. Programu inachagua ovyo, vidole vinarukaruka shingo nzima! Naibanaje ibaki eneo moja? Au nipunguze kasi hadi nusu, niandike kwa sikio? Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.