Polisi "yakamata" au "wakamata"? Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina miezi miwili kwenye chumba cha habari cha gazeti moja, na upatanisho wa kisarufi unanikosesha usingizi. Jana niliandika kichwa cha habari "Polisi yakamata wanne kwa wizi wa nyaya". Mhariri akageuza: "Polisi wakamata wanne", eti polisi ni watu. Mbona ukurasa wa michezo tunaandika "Simba yaichapa Yanga", na simba ni wa ngeli ya A-WA? Na CCM je, "yateua" au "chateua"? Nataka nimwendee na hoja, siyo ubishi.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, inategemea unamsema nani. Ukikusudia askari wenyewe, "wakamata". Ukikusudia chombo, "yakamata", kama serikali. Ukiandika "Jeshi la Polisi" huna pa kukwepa: "lakamata". Simba vivyo hivyo. Klabu "yaichapa Yanga", ila aliyetoka porini ni "Simba aua ng'ombe wawili". Kiambishi peke yake kinamwambia msomaji kama habari ni ya uwanjani au ya zizini.

Dawati la Michezo: Na zikiwa mbili ni "Simba, Yanga zatoka sare". "Yatoka" hapo ni kosa, nalikuta kila msimu.

Mtafsiri: Vifupisho vina njia yake. Chama cha Mapinduzi chateua, lakini CCM yateua. Baraza la Kiswahili la Taifa latoa, BAKITA yatoa. Kifupisho kimeshakuwa jina kamili, kimeingia I-ZI.

Mwalimu Mstaafu: Hapo sikubali. BAKITA ni baraza hata ukilifupisha. "Latoa."

Mtafsiri: Shikamoo mwalimu, basi na TFF, kwa kuwa ni shirikisho la soka, tuandike "TFF lafungia"? Sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Masikio yamezoea, nakubali. Sarufi haijabadilika.

Msomaji wa Tanga: Mimi hunichanganya "Umoja wa Afrika walaani mapinduzi". Nauliza, kina nani hao? Kumbe ni u- ya umoja na -a- ya wakati, zimeungana zikafanana na wa- ya watu. Hapo "AU yalaani" inanifikia haraka zaidi.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni sana, wakuu. Nimejaribu "Jeshi la Polisi lakamata wanne", halienei kwenye safu mbili. Ila taarifa yenyewe ilisomwa na kamanda wa mkoa kwa niaba ya jeshi, siyo na askari waliofika eneo la tukio. Kesho narudi kwa mhariri na "Polisi yakamata", na hiyo ndiyo hoja yangu.