Teksi mtandao na safari za mikoani: kurudi tupu alipe nani?

Mleta mada (dereva, Kimara)

Wakuu, habari za kazi. Naweka hoja mezani. Safari ya teksi mtandao kutoka Dar kwenda Morogoro, Chalinze au popote ambako huna uhakika wa abiria wa kurudi naye, kwa bei za sasa, haina faida. Inaonekana tamu kwa sababu hela inakuja kwa mkupuo. Msimamo wangu ni kwamba gharama ya kurudi tupu iingizwe kwenye nauli, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo iipange, maana sisi wenyewe kwa wenyewe hatutakubaliana hadi kiama.

Kabla hamjanirushia mawe, twende na namba. Gari ni Toyota IST ya lita 1.3, injini nzima, haili oili. Abiria yuko Ubungo, anakwenda Msamvu, stendi ya Morogoro, kilomita 190 hivi. Tuseme nauli imesoma 150,000. Kamisheni, kama kampuni inakata hadi kikomo cha 25% ambacho LATRA iliruhusu baada ya lile vuta nikuvute la mwaka 2022 (mwanzo walisema 15%, mnakumbuka Uber walivyofunga huduma), ni 37,500. Zimebaki 112,500. Kwenda na kurudi ni kilomita 380. IST ikienda vizuri barabara kuu inakupa kilomita 14 kwa lita, kwa hiyo lita 27. Petroli tuihesabu kwa 3,000 ili tusibishane na EWURA, wanaotangaza bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo ni 81,000. Mkononi una 31,500.

Bosi mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, tuseme 25,000. Umebaki na 6,500 na bado hujanywa hata maji.

Na hapo sijagusa tochi, vile vipima mwendo vya trafiki. Ukishapita Mlandizi barabara ni njia moja kwenda na moja kurudi, mbele yako kuna msururu wa malori ya bandarini, unavizia upenyo wa kupita, unatokeza kijijini kwenye kibao cha 50 ukiwa na 68. Elfu thelathini ya faini imeondoka. Yaani umemsafirisha mtu Morogoro bure na umeongezea chako.

Jambo jingine ambalo wageni wa kazi hawaambiwi. Abiria akilipa kwa kadi, ile hela huioni siku hiyo, inaingia kwenye malipo ya wiki. Mafuta ya kwenda na kurudi unatoa mfukoni mwako. Akilipa taslimu, ndiyo, unashika 150,000, lakini kwenye programu umeandikiwa deni la kamisheni 37,500, na usipolilipa wanakufungia. Nawajua vijana waliorudi kutoka safari ndefu wakiwa na noti mfukoni, wakaipiga bajeti yote nyumbani, kesho yake asubuhi akaunti imefungwa na hawawezi hata kuchukua abiria wa Kimara–Mbezi.

Nani ana hesabu tofauti?

Dereva wa Morogoro road

Kaka, hesabu yako ni sahihi kwa mtu mvivu, samahani lakini. Umeandika kana kwamba dereva akishamshusha abiria Msamvu anageuza gari palepale na kurudi akiimba peke yake. Mimi Moro nimeijenga kama mtu anavyojenga genge. Nina namba za wanafunzi wa vyuo vya SUA na Mzumbe, nina familia zinazoleta wagonjwa Muhimbili, nina mama wa Kihonda anayetuma mizigo Kariakoo. Nikipata safari ya kwenda, kabla sijafika Kibaha nimeshapiga simu tatu. Mara nyingi narudi na mtu. Sirudi na 150,000, hapana, narudi na 60,000 au 70,000, lakini hiyo haina kamisheni na mafuta yake nilishayahesabu kwenye safari ya kwenda.

La pili, mnapolinganisha na mjini mnaionea safari ndefu. Mjini pia unatembea tupu, ila huoni kwa sababu ni vipande vipande. Ombi la 4,000 limeingia, abiria yuko kilomita tatu, unamfuata bure. Umefika, "nakuja dakika mbili", zinakuwa kumi. Umempeleka Tandale kwenye vichochoro, unatoka tupu hadi barabara kubwa. Halafu foleni ya Ubungo au ya Mwenge, injini inaunguruma na AC juu, ile IST yako ya kilomita 14 inakupa tisa. Jumlisha tupu zote za siku nzima ya mjini uone kama hujaenda Chalinze.

Mleta mada

Mkuu, tupu ya mjini ina matumaini. Ukitoka Tandale simu iko hewani, hujafika Shekilango ombi jingine limeingia. Kati ya Bwawani na Vigwaza nani anakuita? Utawasha simu hadi ichemke.

Na hao wateja wako wa kurudi, unakiri mwenyewe, wako nje ya programu. Hapo umetoka kwenye mjadala. Hiyo ni biashara yako binafsi, inategemea simu zako na jina lako, dereva wa miezi miwili hana. Halafu siku umepakia mtu usiyemjua vizuri Msamvu saa moja usiku, hakuna rekodi popote kwamba uko naye. Programu ina ubaya wake wote, lakini angalau mke wako akiuliza, kuna sehemu pameandikwa ulikuwa wapi na nani.

Mtumiaji wa gesi

Mbona hamtaji gesi asilia (CNG)? Mimi nimefunga mtungi wa kilo 11. Kwa 1,550 kwa kilo, mtungi ukijaa ni kama 17,000 na ukiendesha kwa adabu unafika Moro. Kurudi natumia petroli, lita 13 au 14, tuseme 41,000. Jumla 58,000 badala ya 81,000 yako. Hesabu inabadilika.

Ila niseme ukweli, faida kubwa ya gesi iko mjini, na ndiyo maana mimi binafsi safari ndefu nimezipunguza. Mjini siku nzima natembea kwa bei ya gesi. Nikienda Moro, nusu ya safari narudi kwenye petroli kama nyie. Na ukifika Dar usiku mtungi mtupu, kesho asubuhi unaanzia kwenye foleni ya gesi Ubungo badala ya kuanzia barabarani. Hizo saa ni za nani?

Mwenye magari

Nimesoma kimya, sasa niongee kwa upande wetu "mabosi" mnaotusema. Mkataba wangu umeandika wazi: gari halivuki Kibaha bila kuniambia. Si roho mbaya. Ninyi mnahesabu mafuta, kamisheni na tochi, basi. Mimi nahesabu oili ya kila kilomita 5,000, na Moro moja imeshakula 380. Nahesabu tairi, bushi, brekipedi, na lile bonde la matairi linalochimbwa na malori ambalo IST ikiingia inakwaruza kifua. Gari la mkataba dereva anasema "hili litakuwa langu", lakini mwaka wa kwanza analiendesha kama la adui.

Dereva akiniambia, "Bosi, nina Moro, nauli hii, narudi na fulani," namruhusu, na hesabu ya siku hiyo naongeza 10,000 za gari. Wanaotoroka ndio wanaogombana nami, maana GPS inaniambia mtu yuko Mikese wakati kwenye simu anasema yuko Mbagala.

Mleta mada

Bosi, hiyo 10,000 yako nimeipenda kwa sababu imethibitisha hoja yangu. Hata wewe unajua safari ndefu ina gharama ya ziada, na umeipeleka kwa dereva. Kampuni nayo imeipeleka kwa dereva. Abiria analipa kilomita za kwenda tu. Kila mmoja amejitoa, aliyebaki kashika mzigo ni mmoja.

Abiria, Mbezi Beach

Naomba na sisi tusikike, maana naona mnagawana pesa zetu. Mwaka jana nilimsafirisha mama kutoka hospitali hapa Dar kwenda kwetu Morogoro. Treni ya SGR ni 13,000 na chini ya saa mbili umefika, nani asiyejua? Lakini mama hakuweza kukaa wima, tulikuwa na godoro, ndoo, na dawa za kwenye barafu. Nikodi gari la kunifikisha stesheni mjini, nishushe mzigo, nipite ukaguzi, halafu Moro nitafute gari lingine la kunipeleka nyumbani? Nikaita gari la mlango kwa mlango.

Dereva alikubali nauli ya kwenye simu. Tumefika Chalinze kasimamisha gari, kasema, "Dada, hii hela haitoshi, mafuta ya kurudi sina." Nina mgonjwa nyuma, jua kali, nifanyeje? Nililipa. Sikatai kwamba alikuwa na hoja. Lakini angeisema Ubungo ningeamua mwenyewe.

Sasa mnataka LATRA iandike kabisa nilipie kiti cha hewa cha kurudi. Mkiniwekea 250,000 nitapiga simu kwa jirani mwenye Noah, nitamwekea mafuta na kumpa cha soda. Mtabaki na kanuni nzuri na gari limepaki.

Dereva wa Nairobi

Wandugu, nawasalimu kutoka huku. Kwetu kanuni za 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni kuwa 18%, nanyi mko 25%, kwa hivyo mnaanza mkiwa nyuma kwa hatua saba. Lakini hata na 18%, ukienda Nakuru bila mtu wa kurudi naye, kilio ni kilekile.

Alichosema huyo dada ndicho nilitaka kukazia. Mwaka 2024 madereva huku waligoma, na wengine wakachapisha orodha zao za bei wakawa wanaonyesha abiria ndani ya gari: programu imesema shilingi 400 za Kenya, karatasi inasema 700. Kila safari ikawa ni korti. Abiria akishaona bei moja kwenye simu, ukimwambia nyingine umekuwa mwizi hata kama hesabu yako ni safi. Kama mnataka ya kurudi ilipwe, ikae ndani ya simu.

Dereva wa Morogoro road

Kwa hili naungana nanyi, lakini kwa shingo upande. Kwenye programu ya inDrive mtu anataja bei yake, nami nataja yangu, tukikubaliana tunaondoka. Kurudi kwangu nimeshaweka mle ndani na hakuna anayelalamika. Mkiileta serikali ikapanga bei ya mkoani, wateja wangu wote wataniambia "LATRA imesema". Nani aliyewaambia kanuni itapanda tu na haitashuka?

Halafu mleta mada, mbona umekazana na Moro? Bagamoyo nayo ni hasara?

Mleta mada

Bagamoyo ni kitu kingine. Ni kama kilomita 65 au 70 tu, na kurudi ukifika Mapinga na Bunju kuna watu, ombi linaingia. Tupu yako haizidi nusu ya njia. Kibaha ndiyo kabisa, pale unapata wa kurudi naye hadi unachagua. Nisingeomba kanuni kwa ajili ya hizo. Shida inaanza pale ambapo simu inanyamaza: Chalinze, Moro, na ukiwa kichaa, Dodoma. Na usisahau muda. Ukiondoka kwenda Moro saa nne asubuhi, ukirudi salama ni saa mbili usiku, umechoka, na abiria wote wa jioni wa Posta na Masaki wamechukuliwa na wenzako.

Kuhusu kupatana bei, mkuu, wewe unaweza. Ulishajua Moro inagharimu nini. Kijana mpya anaona 110,000 kwenye kioo, hajawahi kuona tarakimu sita kwa safari moja, anabonyeza. Na kila anayebonyeza 110,000 anakushushia wewe bei ya kesho.

Abiria, Mbezi Beach

Swali. Nikilipia kurudi tupu, halafu ukafika Msamvu ukapakia mwanafunzi wa Mzumbe kwa 60,000, hela yangu inarudi?

Mtumiaji wa gesi

Dada kauliza swali la milioni. Hakuna dereva atakayekiri kwamba kapata mtu.

Mleta mada

Ndiyo maana sitaki kurudi kote. Petroli ya kurudi kwa mfano wangu ni 40,500. Abiria alipe nusu yake, tuseme 20,000, nusu nyingine ni bahati nasibu yangu. Nikipata mtu nimeshinda, nikikosa sijafa. Na kampuni isikate kamisheni kwenye hiyo 20,000, hilo ndilo la kupigania kuliko yote, maana wakiikata 25% tumerudi palepale. Kwa hiyo Moro ya 150,000 inakuwa 170,000.

Abiria, Mbezi Beach

20,000 ningelipa. Ila niione kwenye simu kabla sijapanda, na mtu asinisimamishe tena Chalinze.

Mwenye magari

Na 10,000 yangu je?