Wakuu naombeni ushauri: nimenunua kitabu cha kuoka biskuti, kila nikioka zinatandaa kama chapati

MamaZai_Tabata: Habari zenu wana jukwaa. Mwezi uliopita nilinunua kitabu cha kuoka biskuti kwa wauza vitabu wa Posta. Ni cha Marekani, kipya kabisa, picha zinang'aa mpaka unatamani kulamba ukurasa. Nimeanza na biskuti za vipande vya chokoleti, ukurasa wa 38, na nafuata kila neno. Nikizitia kwenye oveni zinatandaa, zinakutana, trei nzima inakuwa biskuti moja. Pembeni nyeusi, katikati mbichi. Nimerudia mara nne. Unga wetu haufai kwa vitabu vya wazungu, au kuna kitu wanakificha? Naomba jibu kabla ya Ijumaa.

Kishoka wa Mbezi: Naweka kambi hapa. Mke wangu naye ana kitabu chake, watoto wanakula makaa tangu Krismasi.

Mzee wa Pangani: Binti yangu, kitabu cha nini? Bibi yetu alioka vileja vya Idi maisha yake yote bila kusoma herufi. Unga wa mchele, samli, sukari, iliki aliyoitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo cha shaba. Alipima kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Sufuria juu ya mkaa, sinia la makaa juu ya mfuniko, na sisi watoto tumechuchumaa tunasubiri vilivyovunjika, maana vizima vilikuwa vya wageni. Alikuwa akichukua unga kiganjani, anaufumba, anaufumbua. Ukibaki na alama za vidole, anasema tayari. Ukimomonyoka, anaongeza kijiko cha samli. Hicho ndicho kilikuwa kitabu chake.

Fundi Mkate: Mzee, shikamoo, ila dada anauliza za chokoleti. Dada, nijibu matatu. Siagi gani, na kiasi gani? Oveni umeiweka namba ngapi? Na Ijumaa kuna nini?

MamaZai_Tabata: Siagi ni ile ya kopo, kiasi ni kama kitabu kinavyosema. Oveni mpya ya umeme, nayo namba ya kitabu. Ijumaa ni mambo yangu tu.

Nyota ya Ukonga: Achana na biskuti shosti. Mimi nilianza na kilo moja ya unga wa ngano, nikakaanga visheti, nikapeleka stendi asubuhi. Saa nne vimekwisha. Visheti havitaki oveni, umeme ukikatika wewe unaendelea na mkaa wako. Ukitaka maelekezo njoo PM.

Fundi Mkate: Dada MamaZai, mtu anayejifunza kwa raha zake hana Ijumaa. Nimeoka miaka 11, nikijua unaoka ngapi na za nani, ushauri unabadilika. Sema.

MamaZai_Tabata: Haya. Nina oda ya biskuti 300. Send-off ya mtoto wa wifi yangu, Jumamosi. Tumekubaliana shilingi 500 kwa moja, na 100,000 kanipa mkononi. Nimeimalizia deni la oveni. Siwezi kurudisha, na siwezi kumwambia sijui kuoka, mnajua ukweni palivyo.

Kipepeo2: Pole jamani. Ila wifi alionja lini mpaka akaamini?

MamaZai_Tabata: Hakuonja. Aliona status.

Kipepeo2: Status ya biskuti zipi, wakati zako zinatandaa?

MamaZai_Tabata: Niliweka picha ya kitabu. Si uongo, nilimaanisha nitaoka za aina hiyo. Kila fundi keki hapa mjini anatumia picha za mtandaoni.

Kipepeo2: Maelezo chini ya picha yalisemaje?

MamaZai_Tabata: "Kazi ya mikono yangu, karibuni oda."

Mama Ushauri: Mdogo wangu, hapo umekosea, na nakwambia kwa upendo. Mpigie wifi leo. Mume wangu aliwahi kununua shamba kwa picha, tulipofika tukakuta bwawa. Mpaka leo hamwamini mtu. Hela ya wifi italipika, lakini jina likichafuka ukweni linakufuata hadi misibani.

MamaZai_Tabata: Dada yangu, nakuelewa, ila nikimpigia leo oda inaondoka na oveni bado mpya. Nishanunua unga kilo 10 na makopo 12 ya siagi. Nikipata biskuti sahihi Alhamisi, picha itakuwa imekuwa kweli. Nisaidieni biskuti, ya wifi niachieni mimi.

Hakimu wa Nyuzi: Wakuu, hii ni chai. Kitabu kipya, oveni mpya, wifi, send-off, deni, vyote kwenye uzi mmoja. Na aliyetunga hajawahi kuoka. Biskuti hutandaa oveni ikiwa baridi, huungua pembeni oveni ikiwa kali. Haiwezekani zote mbili kwenye trei moja. Kama ni kweli tuone picha, kitabu na oveni pamoja.

Kishoka wa Mbezi: Mleta mada kapotea. Nilishaanza kumhurumia.

MamaZai_Tabata: Sijapotea, nilikuwa namlaza mtoto. Siwezi kutunga aibu yangu mwenyewe. Picha tatu hizo hapo: ukurasa wa 38 wenye doa la siagi, swichi ya oveni, na trei ya leo.

Mbeba Boksi: Niko Minnesota mwaka wa 9, nimefungua picha nikasimama. Dada, kwenye kitabu baada ya 350 kuna herufi F. Hiyo ni Farenhaiti. Swichi yako ni ya Selsiasi na mwisho wake ni 250. Umeweka ngapi?

MamaZai_Tabata: 250. Niliona 350 haipo, nikaweka ya mwisho.

Mbeba Boksi: 350 ya kitabu ni kama 177 yako. Kwa 250 ndiyo maana pembeni panaungua kabla katikati hapajaiva. Sasa siagi. Kimeandikwa stiki 2. Umeweka nini?

MamaZai_Tabata: Makopo 2 ya gramu 250. Nilijua stiki ndiyo kopo.

Mbeba Boksi: Huku siagi inauzwa pakiti ya ratili moja, ndani kuna vipande vinne virefu, kila kimoja gramu 113. Ndiyo stiki. Kitabu kinataka gramu 226, wewe umeweka 500 kwa unga ule ule wa vikombe viwili na robo. Tena siagi ya huku lazima iwe na mafuta asilimia 80 au zaidi, na za kopo nyingi zina maji mengi kuliko hapo. Hakimu, ndiyo maana zimetandaa na kuungua kwa pamoja.

Hakimu wa Nyuzi: Nimeona trei. Nafuta neno langu, dada samahani.

Fundi Mkate: Sasa tufanye kazi. Siagi halisi gramu 226, pima kwa mizani. Unga gramu 280, usishindilie kikombe. Sukari ya brauni ya kitabu ni laini, inashikana kama mchanga uliolowa. Ya kwetu ni chenga, kwa hiyo ipige na siagi muda mrefu kidogo. Joto la Dar linayeyusha siagi mikononi, weka mchanganyiko kwenye friji saa nzima. Oveni 175, iache ipate moto kwanza. Oka tatu tu, dakika 11. Zikitoka katikati zimelegea, ziache kwenye trei zikaze zenyewe.

MamaZai_Tabata: Usiku wa kuamkia leo, saa saba, nimeoka tatu. Zimesimama! Ukingo wa kahawia, juu zimepasuka kidogo, chokoleti inaonekana. Nimevunja moja nikalia. Nimezipiga picha kwenye sahani yangu ya maua nikamtumia wifi, nikamwandikia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kitabu na hizi ndizo zangu. Amejibu asubuhi hii: "Sawa. Ila hizi ndogo, weka tatu tatu kwenye pakiti." Zilikuwa ziwe mbili mbili, pakiti 150.

Mama Ushauri: Hapo umefanya vizuri mdogo wangu. Sasa zinakuwa 450.

MamaZai_Tabata: 450, na hela hajaongeza. Nitamuuliza jioni akitulia. Fundi, nioke Alhamisi au Ijumaa?

Fundi Mkate: Mchanganyiko Alhamisi, ulale kwenye friji. Kuoka Ijumaa. Usifunge mpaka zipoe kabisa, zikifungwa na joto zinatoa jasho ndani ya pakiti na asubuhi zimelainika.